Mafunzo ya kuendesha gari milimani, Arusha: yalivyonisaidia na pale yaliponikera

Kama gari lako haliachi lami ya Moshi–Arusha, hela hii nunulia tairi. Mafunzo haya ni ya sisi tunaopeleka mizigo kambini huko Longido na Monduli ndani, ya wenye mashamba Kibosho juu ambako masika njia inageuka utelezi mtupu, na ya madereva wa utalii ambao bosi akisema mgeni afike, lazima afike. Ni laki mbili na nusu kwa siku mbili, chakula humo humo. Inalipa. Ila kuna jambo limenikera, nitalisema.

Asubuhi ya kwanza mnakaa darasani, Njiro: projekta, viti vya plastiki, chai na andazi, na slaidi zilizojaa Kiingereza ambazo mwalimu mwenyewe alikuwa anazipita haraka. Kilichonifaa hapo ni hesabu moja tu. Mwalimu, mzee aliyeendesha magari ya safari tangu ujana wake, alichora gari likionekana kwa nyuma. Chukua nusu ya upana wa kutoka tairi la kushoto hadi la kulia, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito (pale ambapo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika) kutoka chini. Upana ukiwa mita 1.5 na kitovu kiko sentimita 75, jibu ni 1, ambayo ni tanjenti ya nyuzi 45, yaani kwenye karatasi gari litapinduka ubavu likishainama nyuzi 45. Pakia keria mpaka kitovu kipande kufika sentimita 90, zile 45 zimeshuka hadi kama 40.

"Na hiyo ni karatasi, wanangu," akasema. "Karatasi haina springi."

Maana yake, gari la kweli likilala upande, springi za upande wa bondeni zinabonyea, mzigo unasogea, na kitovu kinafuata huko huko. Kisha linakuja jiwe. Tairi la juu likipanda jiwe la sentimita 20, gari lenye upana ule linaongeza karibu nyuzi 8 kwa mpigo. Na la chini likitumbukia kwenye shimo la kina hicho hicho wakati huo huo, zinakuwa karibu 15. Mteremko wa nyuzi 20 uliokuwa unaudharau umeshakuwa 35, na ukifika hapo hata ukikata usukani vibaya kidogo tu, kwisha habari.

Mimi natembea na mkonga, ile Land Cruiser yenye bomba la hewa kama mkonga wa tembo, wenye keria ndefu. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20, la dizeli ni kama 17. Weka manne juu, ongeza spea, turubai na gunia la mkaa, halafu upite ubavuni mwa kilima. Siku hizi madumu yangu yanakaa chini nyuma ya siti, yamefungwa mkanda, na juu kumebaki magodoro. Abiria wamelalamika kubanwa. Wavumilie.

Mchana tukaenda upande wa Kisongo, kwenye makorongo. Hapo ndipo hela yangu ilipopata majibu, hasa zoezi la gari kuzima katikati ya mlima. Wengi tumezoea hivi: gari likizima, unakanyaga klachi, unaliachia lirudi nyuma huku unalishika kwa breki, na ukiona njia haieleweki unakata usukani ugeuze. Mzee alitueleza kwa nini magari mengi yanalala hapo. Ukirudi kinyumenyume mteremkoni, uzito wote umeenda nyuma, matairi ya mbele yamekuwa mepesi. Ukibana breki, ya mbele yanafunga na kuburuzika, usukani haukusikilizi tena, pua inavutwa pembeni, na kabla hujajua gari limekaa ubavu kwa mlima.

Namna yake ni hii. Breki ya mguu mpaka mwisho, kisha hendibreki. Gari likiwa limezima vile vile, kwenye gia nzito (ile "low" ya 4x4), ingiza rivasi, achia klachi taratibu ili gia ishike. Nyoosha matairi; kama huna hakika, shusha kioo utazame, usikisie. Achia hendibreki, halafu breki ya mguu polepole, uone injini inalishika gari. Ndipo unapiga stata bila kugusa klachi, na gari linashuka lenyewe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mkonga wa zamani unakubali kuwashwa hivyo. Gari nyingi za sasa hazitaki kuwaka mpaka ukanyage klachi, kwa hiyo unakanyaga breki na klachi pamoja, unawasha, unaachia klachi kwanza, breki baadaye. Mara ya kwanza moyo unakudunda. Mzee amesimama pembeni, juu ya usawa wa gari, kamwe si nyuma wala upande wa bondeni, anaita tu: "Usukani, dada! Acha kuuchezea usukani!"

Kugeuza gari katikati ya mlima kwake ni marufuku. Unapanda umenyooka, unashindwa, unashuka umenyooka, unatafuta njia nyingine.

Zoezi la kupita ubavuni lilikuwa fupi. Wana ubao mdogo wenye timazi mbele ya dereva, unaona nyuzi zenyewe. Kwenye 20 nilidhani tumeshaanguka, kumbe mwili ndio mwoga. Abiria wote hukaa upande wa juu. Gari likianza kuteleza kwenda chini, pua igeuze bondeni na uguse mafuta kidogo. Ukilazimisha kupanda juu ndipo linapopinduka. Mkanda muda wote, mikono ndani. Hakuna kutoa mkono eti uzuie gari.

Kushuka sitasema mengi: gia nzito, namba moja, mguu mbali na klachi, breki kidogo kidogo, na asiwepo mtu wa kukwambia uliache huru ili ubane mafuta.

Sasa kero. Magari yao ya mazoezi ni matupu kabisa. Keria hazina hata kamba. Darasani mmetuchorea kitovu cha uzito kinavyopanda, halafu korongoni tunaendesha gari ambalo hakuna anayeliendesha hivyo kazini. Tena gari la otomatiki lilikuwa moja, na wenzetu waliokuja kwa ajili ya hilo walisubiri sana juani. Chipsi za mchana zilikuwa baridi, lakini hilo nawasamehe, kulikuwa na pilipili nzuri.

Cheti wanatoa. Bosi wangu hakukiangalia mara mbili, ila sasa nikimwambia mzigo haupandi juu ya keria, habishani tena.

Ukitaka kwenda, nenda udongo ukiwa na unyevu kidogo, mwezi wa sita hivi masika yakishapita. Kiangazi kikali Kisongo ni vumbi na hutaona gari likiteleza. Na ukipiga simu, waombe uje na gari lako likiwa na mzigo. Mimi walinikatalia mwanzoni, mzee ndiye aliyewaambia waniruhusu siku ya pili, na saa ile moja ya mkonga wangu wenyewe ilinifaa kuliko asubuhi nzima ya projekta.