Bagamoyo au Kilwa: safari ya gari kutoka Dar es Salaam

Bagamoyo iko takriban kilomita 70 tu, hivyo gari dogo na Jumamosi moja vinatosha; Kilwa Masoko, kupitia Daraja la Mkapa na Nangurukuru, ni takriban kilomita 300, nayo inadai matairi yaliyokaguliwa na gharama za kulala. Wakati wa masika ningechagua Bagamoyo, kwa kuwa mafuriko huweza kuikata barabara ya kusini. Kwa magofu, hata hivyo, Kilwa Kisiwani, iliyo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, haina mfano: unavuka bahari kwa chombo, kisha unasimama chini ya kuba za Msikiti Mkuu, nami ningempa nafasi hiyo kila mwenye siku tatu. Kaole, penye magofu karibu na Bagamoyo, ni padogo, lakini nguzo za makaburi yake zina vishimo ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kaure, na mwenye watoto wadogo huwafikisha huko kabla hawajachoka.