Nganda la Kamalondo na Jumapili za rapa

Kama uko Lubumbashi na unapenda rapu ya zamani, nenda kwenye nganda dogo, yaani baa, la mtaa wa Kamalondo ambako Jumapili jioni wanasikiliza muziki kwa mada. Juzi mada ilikuwa marapa walioingia lebo za muziki zisizowafaa.

Kijana anayepiga muziki anajua kazi yake. Alianza na Rakim, mtu wa New York mwenye mashairi ya kutafakari, akaenda lebo ya Aftermath ya Dr. Dre kule California. Dre alitaka mambo ya kigangsta, Rakim hakutaka. 2003 akaondoka bila albamu hata moja. Hapo muziki ulizimwa tukabishana vikali, na mimi bado nasema Rakim alifanya vema kukataa.

MC Hammer na suruali zake pana ndani ya Death Row, lebo ya rapu ya kigangsta? Alirekodi, albamu haikutoka. Tukapita.

Kwa kundi la Mobb Deep niliumia kweli. Kijana alipiga wimbo wa 1995, wenye baridi ya Queensbridge, mtaa wao wa New York, kisha mmoja wa Blood Money, albamu ya 2006 chini ya lebo ya G-Unit ya 50 Cent. Mzee mmoja akasema, "Kaka, hawa wamevaa nguo ya mtu mwingine." Kweli tupu.

Michopo, yaani nyama ya kuchoma, ni mitamu, ila pilipili iombeni mapema. Bia ya Simba ni ya baridi. Besi inazidi upande wa mlangoni, kaeni ndani karibu na ukuta.