MCP1640 au TPS61220 kwa kifaa cha betri moja?

Betri ya AA hutoa volti 1.5 ikiwa mpya, ilhali chipu nyingi zinataka 3.3. Ndipo kinapohitajika kigeuzi cha kupandisha volti: MCP1640 ya Microchip, au TPS61220 ya Texas Instruments.

MCP1640 huwaka kuanzia volti 0.65, mwenzake 0.7. Tofauti hiyo isikuumize kichwa. Betri ikishuka hadi hapo imekwisha.

Cha kutazama ni umeme ambao kigeuzi chenyewe hula kifaa kikiwa kimelala: takriban maikroampea 19 kwa MCP1640, 5.5 kwa TPS61220. Kidogo? Subiri. Karibu wote hutolewa upande wa volti 3.3, kwa hiyo betri iliyoshuka hadi volti 1.2 hulipa zaidi ya mara tatu ukijumlisha upotevu: kama maikroampea 65 kwa MCP1640 dhidi ya 19 kwa TPS61220. Kwa betri ya miliampea-saa 2000, MCP1640 ingeimaliza peke yake kwa miaka 3 na nusu hivi. Kwa TPS61220, hesabu inafika miaka 12, na betri huenda ikachakaa kabla.

Kwa sensa (kihisi) inayolala karibu siku nzima, nachukua TPS61220 bila kusita. Penye redio inayovuta mkondo kwa ghafla mambo hugeuka: swichi ya MCP1640 huhimili kilele cha miliampea 800 hivi, TPS61220 huhakikishiwa 200 tu. Kapasita kubwa, kijenzi kinachohifadhi chaji, husaidia, ila nayo huvujisha.

Jambo moja husahaulika: ukizima TPS61220, volti ya betri bado hupita hadi kwenye mzigo, yaani sakiti inayolishwa. MCP1640 hukata kabisa.