Kioo cha mlango wa gari kimevunjika: ununue kipi, umkabidhi nani

Kioo cha mbele kikipigwa na jiwe hupata ufa, na unaweza kutembea nao wiki nzima ukijipanga. Kioo cha mlango hakikupi nafasi hiyo. Kinapasuka chote kwa mpigo na kumwagika kama chumvi ya mawe, nusu juu ya kiti, nusu ndani ya tumbo la mlango. Hapo ndipo mtu anashika simu na kuuliza, "Kioo cha mlango bei gani?"

Swali hilo lingoje kidogo. Kioo chenyewe, ukishakipata cha gari lako hasa, hakina maajabu. Kazi inaharibikia ndani ya mlango, pale fundi anapokuwa amefungua kava na wewe umekwenda kutafuta chai. Kwa hiyo nitapanga vioo kwa daraja kama ulivyotarajia, ila ukibanwa na bajeti, punguza kwenye kioo kabla ya kupunguza kwa fundi.

Haya niliyajua baada ya kulipa mara mbili. Kioo changu cha nyuma kulia kilivunjwa na watu waliotamani begi ambalo halikuwa na kitu. Fundi wa kwanza alimaliza kwa dakika 20, nikamsifu kwa wepesi wake. Baada ya hapo kila nikifunga mlango nasikia chwaa, kama mtu anatikisa kopo la mchele. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, zulia la nyuma likalowa chapachapa. Fundi wa pili alipofungua kava aliniita nione mwenyewe: konzi mbili za vipande vya kioo chini ya mlango, vimeziba matundu ya kutolea maji, na ile nailoni inayobandikwa nyuma ya kava haipo kabisa. Wa kwanza aliichana akaitupa.

Watu wengi hawajui kwamba maji kuingia ndani ya mlango ni jambo la kawaida. Yanapita pembeni ya mpira wa nje, yanateremka na kioo, yanatokea kwenye vitundu vya chini. Kazi ya ile nailoni ni kuyazuia yasivuke kuja upande wa abiria. Ikiondolewa, au ikirudishwa bila kugandishwa pande zote, mlango unakuwa ndoo inayovujia miguuni mwako.

Soma kona ya kioo kilichobaki

Kabla ya kumpigia mtu yeyote, nenda mlango wa upande wa pili na usome yale maandishi madogo kwenye kona ya kioo. Ndiyo kitambulisho chake.

Vioo vingi vya milango ni vya kukazwa kwa moto: kioo hukatwa na kutobolewa kwanza, kikapashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapulizwa hewa kwa ghafla. Sura ya nje hujibana na ndani huvutika, na hapo kinapata nguvu mara nne au tano ya kioo cha kawaida. Mkazo huohuo ndio unaokifanya kivunjike chote kwa pamoja kuwa vipande vidogo butu badala ya visu. Pia ndiyo sababu hakizibwi ufa wala hakikatwi tena baada ya kukazwa. Anayekuambia atakichonga cha gari jingine kiingie kwako, muage kwa heshima.

Magari mengine, hasa ya kifahari na mengi ya karibuni, yana kioo cha tabaka kwenye milango ya mbele: vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele. Hupunguza kelele za upepo na humchelewesha mwizi. Kukitambua ni rahisi. Teremsha kioo nusu, tazama ukingo wake wa juu kwa mwanga mzuri. Ukiona mstari mwembamba katikati ya unene, hicho ni cha tabaka. Kama ulikuwa na cha tabaka, usikubali kuwekewa cha kukazwa kwa hoja kwamba "vinafanana tu". Vinafanana hadi siku utakayoingia barabara kuu.

Kwenye maandishi utakuta pia herufi E yenye namba ndani ya duara. Namba hiyo ni ya nchi iliyotoa idhini: 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Haimaanishi kioo kimetengenezwa huko. Pembeni yake huwa kuna 43R, kanuni ya Umoja wa Mataifa inayohusu vioo vya magari. Vile vinavyofuata kanuni za Marekani huandikwa DOT na AS2, au AS3 kwa vile vya giza zaidi ambavyo havitakiwi usawa wa dereva. Piga picha ya kona hiyo, ongeza namba ya chesi, umtumie muuzaji vyote viwili. Modeli moja ya mwaka mmoja inaweza kuwa na vioo vya aina mbili tatu, na matundu ya kufungia yakitofautiana sentimita moja umepoteza siku.

Vioo kwa daraja

Namba moja kwa watu wengi ni kioo kipya kutoka viwanda vilevile vinavyoyauzia makampuni ya magari, ila hakina nembo ya gari. Saint-Gobain Sekurit, AGC, Pilkington, Fuyao: majina haya huenda tayari yako kwenye vioo vingine vya gari lako, chini ya nembo. Mkunjo wake ni sahihi, unene wake ni sahihi, na hulipii jina. Nikipata hiki sitafuti kingine.

Namba mbili nitawashangaza wengine: kioo kilichotumika, kilichotolewa kwenye gari la aina hiyohiyo lililokatwa vipuri. Kioo si breki wala tairi, hakichakai kwa mwendo. Kwa gari lililovuka miaka kumi, mimi hukiweka juu kabisa, maana ni orijino na hata rangi yake hulingana na ya vyako. Ila ukinunue kwa mkono wako na kwa mwanga wa jua. Pitisha ukucha juu ya sura yake kutoka juu kwenda chini. Mikwaruzo ya mchanga uliokwama kwenye mipira huwa imesimama wima, na ukucha ukikwama, hata polishi haitasaidia. Kisha zungusha kidole, ukiwa na glavu, ukingo mzima. Kioo cha kukazwa ni shupavu usoni lakini dhaifu ukingoni. Kikiwa na kijipande kilichomeguka pembeni kinaweza kupasuka siku mlango utakapobamizwa, au hata asubuhi ya baridi bila kuguswa. Mwombe muuzaji akupe na vishikio vya chini kama vimegandishwa kwenye kioo, vinginevyo utavitafuta peke yake.

Tatu, orijino yenye nembo, kutoka kwa wakala wa kampuni ya gari. Ubora hauna mjadala, bei na muda wa kusubiri ndiyo shida. Nitakwenda huko kama gari bado lina waranti, kama bima inalipa, kama kioo ni cha tabaka na hakipatikani kwingine, au kama milango haina fremu, yaani chuma cha kuzunguka kioo. Milango isiyo na fremu haina huruma; kioo hushuka kidogo ukivuta kitasa na kurudi juu ukifunga, na milimita chache za makosa zinatosha kukupa filimbi ya upepo safari nzima.

Nne ni kioo kipya cha kiwanda kisichojulikana. Kuna vizuri na kuna vibaya, na kwenye risiti vyote vinasomeka vilevile. Simama nacho, tazama kupitia kwake ukingo wa ukuta au nguzo, kisha sogeza kichwa taratibu. Mstari ukipinda na kucheza kama uko chini ya maji, kirudishe, hasa kama ni cha mlango wa dereva ambako ndiko unakotazamia kioo cha kuangalia nyuma. Kisicho na alama yoyote ya usalama kwenye kona usikiulizie hata bei.

Mwisho kabisa, mahali ambapo sipendi hata kupaweka kwenye orodha, ni plastiki ngumu iliyokatwa kwa umbo, au kioo cha dirisha la nyumba. Plastiki huchubuka kila inapopanda na kushuka, baada ya miezi unaona ukungu. Kioo cha nyumba kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha, na shingo ya abiria iko hapohapo. Kuna jambo moja la kukubalika hapa: magari ya zamani yenye vioo bapa. Fundi anaweza kuyakatia kioo cha tabaka, kwa sababu hicho hukatika, na kikawa salama.

Nani afunge

Fundi anayeishi kwa vioo tu ndiye chaguo la kwanza. Anazo klipu za kava, anajua gari gani limeficha skrubu nyuma ya kitasa na lipi limeificha chini ya kifuniko cha swichi. Fundi wa kukufuata ulipo anafaa pia kwa kazi hii, kwa sababu kioo cha mlango kwa kawaida hushikiliwa na bolti au klipu, hakihitaji gundi ikae ikauke kama kioo cha mbele. Sharti langu ni moja: aje na mashine ya kufyonza. Vile vioo vidogo vya pembetatu visivyofunguka ni habari nyingine, vingi hugandishwa. Kwa wakala ni sawa, ingawa wengi humwita huyohuyo fundi vioo. Gereji ya kawaida nitaiweka chini, si kwa dharau, ila ni kwa sababu kazi hii kwao ni ya kupachika katikati ya injini mbili.

Kujifungia mwenyewe kunawezekana ukiwa na subira. Toa waya wa betri kwanza na usubiri dakika chache, maana milango mingine ina mfuko wa hewa au kihisi cha ajali. Baadhi ya vihisi hivyo hupima mgandamizo wa hewa ndani ya mlango. Nailoni ikirudishwa ovyo, unakuwa umeuchezea usalama wa abiria bila kujua.

Ukimpata fundi kwa simu, usimuulize uzoefu wa miaka mingapi. Muulize hivi: "Ile nailoni ya ndani utaifanyaje?" Anayejua kazi atakujibu papo hapo kwamba ataibandua taratibu na kuirudisha, au ataweka mpya na gundi yake. Anayenyamaza kidogo kisha akasema "ipi hiyo?" amekujibu pia. Halafu hakikisha bei aliyotaja imebeba kioo, ufundi, klipu zitakazovunjika, usafi wa ndani ya mlango na kurudia kazi bila malipo maji yakivuja. Tinti mara nyingi ni hesabu ya pembeni. Kama giza la vioo vyako limo ndani ya kioo chenyewe, agiza kioo cha rangi hiyo. Kama ni karatasi, itabandikwa upya na utaambiwa usiteremshe kioo kwa siku kadhaa. Tii.

Ukiwa unasubiri

Piga picha kabla hujafagia, bima watazitaka. Vaa glavu na viatu vilivyofunika vidole. Usibonyeze swichi ya kioo kuona kama "bado inafanya kazi", maana utasagisha vipande kwenye mashine ya kioo na kuongeza kipuri kingine kwenye bili. Funika tundu kwa nailoni ang'avu, selotepu ya karatasi ndiyo iguse rangi ya gari, ile ya kufungia maboksi itaondoka na rangi yako.

Kabla ya kulipa

Kaa ndani ya gari, fundi awe nje. Pandisha na shusha kioo mara tano. Kiende mpaka juu kwa kasi moja bila kulalia upande, bila kukwaruza. Kama kilikuwa na mguso mmoja wa kupanda chenyewe, huenda mfumo umesahau kikomo chake. Magari mengi hurudishwa kwa kukipandisha hadi mwisho na kuendelea kushikilia swichi kwa sekunde chache, namna kamili iko kwenye kitabu cha gari. Jaribu kitasa, loki, spika na taa ya mlango, kwa sababu plagi zote hizo zilichomolewa.

Kisha fungua mlango na uubamize mara mbili, sikio likiwa karibu na kava. Kukiwa na chwaa, afungue tena, hapo hapo. Kimya kikiwepo, mwombe amwage kikombe cha maji taratibu juu ya kioo kilichofungwa. Tazama chini ya mlango: maji yatokee kwenye vitundu, na zulia ulipapase kwa kiganja, si kwa macho.

Vipande vitaendelea kujitokeza kwenye reli za viti kwa miezi. Hivyo si kosa la fundi.