Mu-Tron III kwenye besi: pedali isiyomstahi mvivu

Ile besi ya mpigaji wa funk Bootsy Collins inayosema "wau" kama mtu anayefumbua kinywa imefungamana na Mu-Tron III, pedali ya kubadilisha sauti ya ala, iliyotolewa na kampuni ya Musitronics ya Marekani mwaka 1972. Inastahili sifa zake, ila kazi kubwa inaachiwa mkono.

Ndani mna kichujio cha sauti kinachofuata nguvu ya pigo: gusa uzi kinyonge, kinabaki kimefungwa, gonga kwa nguvu, kinafunguka chote. Bootsy aliijia akiwa ameshanolewa. Huko Cincinnati, Ohio, alianza na gitaa la kawaida, akalifunga nyuzi za besi ili apige na kaka yake Catfish. Mwaka 1970, akiwa na miaka 18, alichukuliwa na mwimbaji James Brown, aliyemkazania jambo moja: pigo la kwanza la mzunguko lishuke na uzito wote, kwingine acheze atakavyo. Hakumaliza mwaka pale. 1972 akahamia kwa George Clinton, kiongozi wa bendi ya Funkadelic. Mtindo huo wa kukazia pigo la kwanza unaifaa Mu-Tron kabisa. Noti ya kwanza hufungua kichujio, zinazofuata zikipigwa kwa wepesi hubaki chini, nene. Anayegonga noti zote sawasawa anapata mlio wa bata tu.

Kwa besi, weka Mode (aina ya kichujio) kwenye LP, inayopitisha sauti za chini, Range (eneo la sauti) kwenye Low, Drive (mwelekeo wa kichujio) kwenye Up. BP (inayopitisha za kati) na HP (za juu) hula sauti ya chini, bendi inabaki bila sakafu. Peak, yaani ukali wa kichujio, ianzie katikati. Ukiizidisha noti fulani zitapiga kelele na nyingine kupotea. Gain, yaani wepesi wa kichujio kuitikia pigo, ianze sifuri, uipandishe huku ukipiga pigo lako zito kuliko yote, uishie pale linapofunguka kikamilifu. Ukipitiliza, hata mguso mdogo utafungua kila kitu. Kompresa, kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti, ikae baada ya pedali. Ikitangulia inasawazisha mapigo na kichujio kinakosa cha kufuata.

Inatumia betri mbili za volti 9 au adapta yake maalumu, kwa hiyo usiichomekee adapta ya pedali nyingine. Za zamani ni ghali. Q-Tron ya Electro-Harmonix, iliyobuniwa na fundi yuleyule, Mike Beigel, inafika karibu sana. Ukinunua Mu-Tron iliyotumika, pandisha Gain, piga pole kisha kwa nguvu: sauti isiposogea, shuku kwanza taa na kihisi mwanga vilivyo ndani, na bei ishuke.