Siku tatu za kusomea umeneja wa bidhaa: nyota tatu, moja ni ya Mangi wa ng'ambo ya barabara

Laki nne na nusu, nimetoa mfukoni mwangu. Ofisini niliomba nikaambiwa bajeti ya mafunzo imeisha, nami nilishachoka kuitwa "meneja wa bidhaa" wakati wiki nzima kazi yangu ni kuhamisha vikadi kwenye kompyuta, kutoka "inafanyika" kwenda "imekamilika". Kwa asiyejua: kampuni yetu ina programu ya simu ambayo wenye maduka ya mtaani hapa Dar wanaagizia soda, unga, sabuni na mafuta kutoka maghala ya jumla. Mimi ndiye ninayeamua kitengenezwe nini kwanza. Mkataba ndivyo unavyosema.

Mafunzo yalikuwa ghorofa ya kwanza ya hoteli moja upande wa Sinza. Jina la waandaaji naliacha, maana ni watu wastaarabu na walichonikosea si kikubwa. Tulikuwa ishirini na wawili: watu wa benki, wa mitandao ya simu, wa mashirika, na sisi wa vikampuni vidogo tuliojibanza nyuma karibu na meza ya chai. Chai naipa alama zote. Vitumbua vilikuja vya moto siku zote tatu.

Siku ya kwanza ilikuwa ya historia na majina. Watu 17 waliokutana Utah, Marekani, mwaka 2001 wakaandika ilani ya Agile, yaani kutengeneza programu kidogo kidogo huku ukimsikiliza mteja. Scrum, ile ya kugawa kazi ya timu kwenye mizunguko mifupi, ambayo ilikuwepo hata kabla yao. OKR, yaani malengo na vipimo vyake, zilizotoka Intel zikapelekwa Google mwaka 1999. Mwalimu anaijua kazi yake na hasomi slaidi neno kwa neno, ila haya yote ungeyapata nyumbani kwa bando la elfu moja.

Siku ya pili asubuhi likaja jedwali la RICE, lile la kampuni ya Intercom. Unachukua kila wazo, unakadiria litawafikia watu wangapi, litawagusa kiasi gani, una uhakika asilimia ngapi, unazidisha, halafu unagawanya kwa kazi inayohitajika. Wazo lenye namba kubwa linatengenezwa kwanza. Kundi letu likachagua programu yangu kuwa mfano, na wazo la kwanza likawa ripoti ya mauzo ya mwezi kwa mwenye duka. Kaka wa benki akasema athari yake, yaani litawagusa kiasi gani, ni 3. Mimi nikasema 2. Tulibishana dakika ishirini na tano, saa ya ukutani ni shahidi yangu. Kwenye uhakika tukaweka asilimia 80, kwa sababu 100 ilionekana majivuno na 50 ilionekana aibu.

Hapo maji ya kunywa yakaisha ukumbini. Nikashuka, nikavuka barabara, nikaingia kwa Mangi, ndivyo tunavyomwita mwenye duka la mtaani, duka lililokuwa likionekana dirishani tangu jana yake.

Mangi mwenyewe kijana tu. Kalamu sikioni, daftari la madeni limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ubavuni mwa friji kipande cha boksi chenye namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu nene: "Soda", "Unga", "Mkate asubuhi", "Mkate akikosa yule". Nikamuuliza kama anaagiza kwa simu. Akanionyesha programu yetu. Ipo, mdogo wake alimwekea, ameifungua mara mbili.

"Mbona huitumii?"

"Dada, nikiagiza humu halafu gari lisije, namgombeza nani?" Akagonga lile boksi kwa kidole. "Huyu asipoleta nampigia, namsema, kesho analeta."

Ripoti ya mauzo hakuiuliza. Nilipoitaja mimi, akatazama daftari lake, akanitazama mimi, akaniuliza kama nataka maji ya baridi au ya kawaida.

Nikarudi juu nikamsimulia mwalimu. Akasema hayo ni maoni ya mtumiaji mmoja, niyaandike pembeni, tuendelee kwanza na jedwali. Kuhusu mtu mmoja alikuwa sahihi. Ndiyo maana wiki iliyofuata nilizunguka Manzese na Tandale, maduka tisa, na sita wakaniambia neno lilelile kwa namna zao. Tukatengeneza kitu kidogo hata aibu kukiita kazi: ukishaagiza, unapata ujumbe wenye jina la dereva na namba yake. Siku mbili za fundi mmoja. Wenye maduka wanawapigia madereva, wanawasema, na wanaagiza tena. Madereva wamenichukia, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kinachoniuma ni kwamba somo hilihili lilikuwemo ndani ya mafunzo, ila halikuachiwa nafasi. Mchana wa siku ileile ya pili mwalimu alitusimulia M-Pesa: majaribio ya mwaka 2005 Kenya yalikuwa ya kupokea na kurejesha mikopo midogo, lakini waliopewa simu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007 tangazo likawa kutuma pesa nyumbani. Ukumbi mzima ulinyamaza kusikiliza. Nikanyoosha mkono: mwaka 2005, kwenye jedwali la asubuhi, wazo la "watu watumiane pesa" lingepata ngapi? Akacheka, akasema swali zuri, akabonyeza slaidi inayofuata. Lisingepata namba yoyote, maana hakuna ambaye angekuwa ameliandika. Ilibidi mtu aende akaone wateja wanafanya nini na zile simu.

Dada wa mtandao wa simu naye akauliza kuhusu Julai 2021, tozo za miamala zilipoanza na wateja wakarudi kwenye noti mkononi: mpango wa robo mwaka unaufanyaje hapo? Akajibiwa aweke kwenye safu ya hatari.

Je, nawashauri mwende? Kama bosi wako anapanga kazi kwa kupayuka, nenda. Jedwali litakupa kitu cha kuweka mezani ili ubishi uwe wa namba badala ya vyeo, na mimi limeshaniokoa mara moja kwenye kikao. Kama tayari unatembelea wateja wako, hiyo hela kodi bajaji wiki nzima uzunguke. Cheti walikosea herufi ya jina langu wakanitumia kingine baada ya siku nne, sijalalamika. Waandaaji wakisoma hapa: siku ya pili ifungeni saa nne asubuhi, watoeni watu wote nje, warudi saa tisa.

Mkienda, bebeni sweta, kiyoyozi cha ule ukumbi hakina huruma. Maji madogo kwa Mangi ni mia tano.