Deco X50: Igeuzeni Muone Mgongo Kabla ya Kulipa

Haya jamani, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sina subira, kwa hiyo utangulizi tunauruka. Mkononi ninayo TP-Link Deco X50, nodi ya meshi, yaani kimoja kati ya vifaa kadhaa vinavyosaidiana kusambaza Wi-Fi moja nyumba nzima, na nataka muitazame mgongoni. Mbele ni silinda nyeupe tu, hakuna cha kuangalia. Nageuza... ngoja kamera isogee... hapo hapo. Mnaona? Matundu matatu ya kebo ya mtandao. Matatu! Yote ya gigabiti, yaani megabiti 1000 kwa sekunde. Na siyo nodi kuu peke yake, kila nodi kwenye pakiti inayo matatu.

Najua kuna mtu anasema, meshi si ni ya mawimbi, matundu ya nini tena? Huyo ndiye ninayezungumza naye leo.

Sifa nyingine mmeshazisoma kwenye boksi: Wi-Fi 6, bendi mbili (yaani njia mbili za mawimbi), AX3000. Niseme moja tu kuhusu hiyo 3000. Ni megabiti 574 za bendi ya 2.4 GHz na 2402 za bendi ya 5 GHz, zimejumlishwa zikaongezewa kidogo ili namba ikae vizuri. Simu yako ikiunganishwa hapa inatumia bendi moja kwa wakati, kwa hiyo hiyo 3000 hutaiona kwenye kipimo chochote. Tusonge mbele.

Sasa tazameni. Nodi kuu iko sebuleni, pembeni mwa ruta. Nodi ya pili nimeileta huku chumba cha mwisho, katikati kuna kuta mbili za zege. Hakuna kebo, nodi mbili zinawasiliana kwa mawimbi tu. Nimekaa hatua chache kutoka kwenye nodi hii, simu inaonyesha Wi-Fi imejaa pau zote. Napima kasi... Inapanda, inapanda, imekwama. Haifiki hata nusu ya ninayolipia. Na pau zimejaa! Hapo ndipo watu wanapodanganyika, wanaona pau zimejaa wanadhani wamemaliza kazi. Pau zinaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na nodi iliyo karibu. Habari za nodi na mwenzake kule sebuleni hazimo.

Nodi ya mbali haina intaneti yake. Kila inachokupa imekichukua kwa nodi kuu. Na X50 ina bendi mbili tu, kwa hiyo redio ileile ya 5 GHz inayozungumza na simu yako ndiyo inayozungumza na sebuleni. Redio hiyo haiwezi kutuma na kupokea kwa pamoja kwenye masafa yaleyale. Ni mkalimani: akisikiliza hasemi, akisema hasikilizi. Kila data inapita hewani mara mbili, kasi inakatika karibu nusu kabla hata zege halijachukua lake. Na ukiweka nodi ya tatu inayotegemea ya pili, inakatika tena.

Haya. Nachukua kebo, Cat5e ya kawaida kabisa. Upande mmoja umeshachomekwa kwenye nodi kuu. Upande huu... tundu lipi? Lolote. Hakuna la kuchagua, kifaa kinajitambua chenyewe. Nachomeka. Sijafungua programu, sijabadilisha mpangilio wowote. Tumpe muda kidogo aelewe... Simu ipo palepale, mimi nipo palepale. Napima tena. Tazameni huo mshale! Tazameni! Kasi yote ninayolipia, ndani ya chumba ambacho simu ya video ilikuwa inagandaganda. Na muda wa majibu umeshuka pia, wachezaji wa gemu mnajua maana yake. Napima tena msije mkasema imebahatisha. Ileile.

Yaani nodi ni ileile na ukuta ni uleule, kilichobadilika ni waya mmoja. Ndiyo maana nasema, unapochagua nodi, swali la kwanza ni je, ina tundu la kebo, na tundu hilo ni la kasi gani.

Kwa sababu siyo zote! Deco E4, ndugu wa hii hii, matundu yake yanaishia megabiti 100. Ukichomeka kebo pale, umejifungia kwenye 100 hata kama unalipia mara tano yake. Na Google walipotoa Nest Wifi mwaka 2019, ile nodi ya nyongeza haikuwa na tundu hata moja. Ilikuwa na spika ndani yake, tundu hakuna. Mwaka 2022 ikaja Nest Wifi Pro, matundu yamerudi, vizuri sana, lakini haiungani na zile nodi zao za zamani. Aliyekuwa na seti ya zamani anaanza upya. Hapo Deco nawapa heshima, ya kizazi hiki inakaa mtandao mmoja na ya kizazi kilichopita. Ila msichanganye kampuni. Nodi ya kampuni hii na ya kampuni ile kwa kawaida hazielewani, labda zote mbili ziwe na EasyMesh, kiwango cha pamoja cha kuunganisha nodi za kampuni tofauti, na hata hapo hakikisha kabla hujalipa.

Sasa kuna wapangaji, mwenye nyumba hataki kuona tundu ukutani wala waya kwenye kolido. Nawaelewa. Kwenu ninyi, na hapa nalegeza kamba kidogo, tafuteni nodi ya bendi tatu. Netgear Orbi ya mwaka 2016 ilikuja na wazo hilo, redio ya tatu kazi yake ni kuzungumza na nodi kuu tu, simu haziigusi. Inagharimu zaidi, na kwa mtu asiyeweza kupitisha kebo naona inastahili. Zile za vizazi vipya zaidi, Wi-Fi 6E na Wi-Fi 7, zinaweza kutumia bendi ya 6 GHz kwa kazi hiyo. Bendi hiyo haina msongamano, lakini haipendi kuta, mawimbi yake yanachoka mapema kuliko ya 5 GHz. Na ruhusa ya kutumia 6 GHz inatofautiana nchi kwa nchi, angalia kwako kabla hujalipia bendi ambayo itakaa imezimwa. Wi-Fi 7 naiandalia video yake peke yake, ipo jikoni, kwa hiyo bonyeza kengele hapo chini usiikose.

Lakini wewe unayeweza kupitisha kebo, hata ile bapa inayopita chini ya mlango, usilipie bendi ya tatu. Chukua ya bendi mbili yenye matundu ya gigabiti, pesa inayobaki nunua kebo nzuri. Cat5e inabeba gigabiti hadi mita 100, hakuna nyumba itakayokushinda. Ila kagua vichwa vya kebo. Ndani kuna nyaya nane, na gigabiti inazihitaji zote nane. Mmoja ukilegea, kebo inaweza kushuka hadi megabiti 100 kimyakimya, halafu nodi ndiyo inalaumiwa.

Kwa wanaobaki na mawimbi, mahali pa kuiweka. Hili linaniumiza kila nikiliona: mtu ana chumba kisicho na mtandao, anaweka nodi ndani ya chumba hichohicho. Itagawa nini na yenyewe haipati kitu? Iweke katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi ya nodi kuu bado yana nguvu. Pima kwa programu inayoonyesha dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, ambapo namba ikikaribia sifuri ndivyo nguvu inavyoongezeka. Ukiona karibu -50 ni safi sana, -67 bado inafaa kwa simu ya video, ukifika -80 rudi nyuma. Iwe juu ya meza au rafu, mbali na friji, kioo kikubwa na kabati la chuma.

Nyingine ninayoulizwa sana, kwa nini simu inang'ang'ania nodi ya mbali wakati nyingine iko pembeni? Kwa sababu anayeamua kuhama ni simu. Nodi inashauri tu, kwa viwango vya Wi-Fi vya kuelekeza simu, 802.11k na 802.11v. iPhone, kwa mfano, huanza kutafuta nodi nyingine mawimbi yakishuka chini ya -70 dBm. Kwa hiyo ukizirundika nodi karibukaribu, simu haiwi na sababu ya kuhama, inabaki na ile ya mwanzo. Nodi nyingi siyo dawa. Anza na pakiti ya nodi mbili. Ukiona pembe imebaki kavu ndiyo uongeze moja, kwa kuwa pakiti ya nodi tatu inavutia kwa bei halafu moja inaishia kwenye droo.

X50 haikukosa la kuniudhi. Huwezi kuianzisha bila kufungua akaunti ya TP-Link kwenye simu, na udhibiti mzuri wa watoto wameuweka kwenye HomeShield Pro, huduma yao ya kulipia kila mwezi. Kifaa nimeshakinunua, niacheni nikitumie!

Na kabla hamjaondoka, kama ruta ya mtoa huduma wako itabaki imewashwa, ingia kwenye programu ya Deco uibadilishe Deco iwe kituo cha Wi-Fi tu, isifanye kazi ya ruta. Ukiacha zote mbili zinafanya uruta, printa na televisheni zitaanza kutoonana, na gemu za mtandaoni zitakusumbua. Mpangilio wenyewe uko hapa, kwenye sehemu ya Advanced... huu hapa. Gusa, hifadhi, itajiwasha upya. Mimi naivua hii kebo niirudishe mahali pake, tukutane kwenye ile ya Wi-Fi 7.